Maswali ya wasomaji: Destroyer tatu, namba moja, mbona kila moja inapaa kivyake?

Toleo hili nimejaza gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwa kikapu, na karibu barua zote ni za draiva, diski za kurusha mbali, zile zenye ukingo mpana. Nimezifupisha kidogo. Nikisema kulia na kushoto najibu kwa mtu anayerusha bekihendi, mkono ukianzia kifuani ukifunguka nje, na mkono wa kulia, wewe wa mkono wa kushoto geuza tu.

Swali kutoka Section 58, Nakuru

Habari mwalimu. Tunarusha kwa uwanja wa shule, nusu nyasi nusu vumbi, na pembeni kuna mawe na miti ya grevillea. Nina draiva tatu aina ya Destroyer, za plastiki ya DX, Star na Champion, zote zimeandikwa 12/5/-1/3 na uzito ni karibu sawa, gramu 170 na kitu. Ile DX ikiwa mpya ilikuwa inakata kushoto mapema hadi nikaichukia, sai inaenda kulia na hairudi, saa zingine inatua na kubingirika hadi barabarani. Star iko katikati. Champion nayo ni kama nimeitoa dukani jana. Beshte yangu anasema ati DX ni feki. Ni ukweli? Na kama namba ni moja mbona zinapaa tofauti?

Jibu

Ndugu yangu, mwambie huyo beshte atulie. Hio DX ni halali na imefanya tu kile DX hufanya, imeisha haraka.

Tuanze na namba manake hapo ndio watu hupotelea. Hizo nne za Innova, kampuni inayotengeneza Destroyer, ni spidi, kuelea, kugeuka kulia mwanzoni na kukata kushoto mwishoni, kwa huo mpangilio. Ni namba za umbo la diski, ikiwa mpya, na ikirushwa na mtu ambaye mkono wake unafikisha kasi ya hio 12. Hazijui plastiki ni gani, hazijui diski imegonga grevillea ngapi, na hazijui kama mgongo wake ulitoka kiwandani ukiwa bapa ama umevimba katikati, na hilo peke yake hubadilisha mambo, manake iliyovimba kawaida huelea zaidi na ile bapa huharakisha kukata. Cheki hata draiva yao ingine, Wraith, 11/5/-1/3, ukiiweka kando ya Destroyer kwa karatasi ni mapacha, lakini Destroyer ina ukingo mpana zaidi na inadai kasi zaidi, asiye nayo ataona imeanza kukata kushoto wakati Wraith bado inaenda.

Sasa kugeuka kwenyewe. Bekihendi ya mkono wa kulia inazungusha diski kama mshale wa saa ukiiangalia kutoka juu. Ikiwa na kasi, nguvu ya hewa inayoiinua inakaa nyuma kidogo ya katikati, kwa hivyo inataka kuinamisha pua, yaani ukingo wa mbele, chini, lakini kwa vile diski inazunguka ule msukumo hauonekani pale mbele, unaonekana kando, na diski inalala kulia. Kasi ikipungua na diski ikianza kushuka, hewa inaipiga kutoka chini, ile nguvu inasogea mbele ya katikati, na sasa inalala kushoto. Diski zote hucheza hapo katikati ya hayo mambo mawili. Ovastebo ni ile inakataa kulala kulia na ina haraka ya kukata kushoto, andastebo ni kinyume chake, na kuchakaa huisukuma diski upande mmoja tu, kutoka ovastebo kuelekea andastebo. Sijaona draiva imechakaa ikawa ngumu zaidi, yaani ovastebo zaidi.

Inasukumwa vipi? Chukua hio Champion, ishike karibu na dirisha na uangalie ukingo wa nje. Utaona mstari mwembamba unaozunguka, hapo ndio nusu ya juu na nusu ya chini ya moldi, lile umbo la kuundia diski, zilikutana. Huo mstari ukikaa juu diski ni ovastebo, ukikaa chini ni andastebo, watu wa hii kazi huangalia hapo kabla hata ya kusoma namba. Alafu weka Champion na DX kwa meza ya kioo, zisukume hadi pua ziguse, inama macho yako yawe usawa wa meza. Utaona pua ya Champion imekaa juu na bado imechongoka, ya DX imelala chini, imekuwa butu, na ukipitisha ukucha inakwama kwa vijipande vilivyoinuka. Kila mti uliogongwa umeibonyeza kidogo kuelekea chini. Hio tofauti, hata ikiwa ndogo kuliko unene wa kadi ya ATM, kwa diski inayozunguka kwa kasi ni kubwa sana.

Na angalia ni nini kimeibonyeza. Mti na kigingi cha kikapu vinabonyeza, changarawe na yale mawe ya volkano ya huko kwenu yanakwaruza. Mikwaruzo inatisha kwa macho lakini mipasho yangu yote naelekeza kwa miti, diski ikigonga grevillea pua kwa pua mara kadhaa imebadilika kuliko ile imeteleza kwa vumbi mwezi mzima. Kwa hivyo ukinunua ya mitumba usidanganyike na mgongo uliokwaruzwa, pitisha kidole kwa ukingo mzunguko mzima, kama kuna mahali pamekunjwa hapo ndio bei ishuke.

Plastiki sasa. DX ni ya bei ya chini, inashikika vizuri hata mkono ukiwa na jasho, na inabonyea haraka. Champion ni ile ngumu ya kupitisha mwanga, inateleza kidogo kukiwa na umande, na inachukua muda mrefu sana kubadilika. Star iko na mshiko mzuri kuliko Champion na inadumu karibu kama hio. Wengi huona Champion mpya ikikata zaidi kuliko Star mpya ya moldi hio hio, lakini usiifanye sheria, inategemea pia ile batchi ilitokaje kiwandani. Kampuni zingine ziko na majina yao, Discraft wanaita Pro-D ile ya chini, ESP inakaribia Star na Z inakaribia Champion, Latitude 64 wana Retro, Gold na Opto kwa huo mpangilio, kwa hivyo ukipata mtu anauza yenye jina hulijui uliza tu ni ya chini, ya katikati ama ile ngumu ya mwanga.

Venye zinachakaa pia hazifanani, na hapa ndio ningetaka ukae kidogo. DX hupoteza vyote viwili karibu pamoja, inaanza kwenda kulia na pia inasahau kurudi kushoto, ndio hio yako inabingirika barabarani. Star na Champion hupoteza kwanza ugumu wa mwanzoni, zinaanza kwenda kulia kidogo, lakini kule mwishoni bado zinarudi. Draiva ya Star iliyofika hapo, kwangu mimi, ndio diski tamu kuliko zote kwa mkoba, unairusha imelala kushoto kidogo, inajinyanyua, inaenda kulia taratibu, inaelea, alafu inarudi na kutua imetulia. Mtu akikuuzia Star mpya kabisa hio safari hauipati, lazima uirushe wewe mwenyewe hadi ifike, ama utafute mwenye ameirusha na hajui thamani yake.

Kuna pia Nakuru yenyewe. Mji wenu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja kwa sita, na hewa nyepesi inaifanya kila diski iwe ngumu zaidi, haigeuki sana na inakata mapema. Mtu wa pwani akirusha hio Champion yako kwao ataona ni diski nzuri, wewe ukiirusha hapo unaona ni ukuta. Kwa hivyo si lazima ununue ovastebo ya kupindukia ati kwa sababu mtu fulani wa Marekani amesifu kwa video, Firebird yenye 9/3/0/4 kwa mfano huko kwenu ni ya kazi maalum, kupiga kona ya kushoto ama fohendi, kurusha kutoka upande wa mkono wenyewe, kwa upepo, wala si ya kila siku.

Ukitaka kulinganisha hizo tatu kwa haki, ngoja asubuhi kabla upepo haujaamka, simama kwa laini ya goli uelekee goli lile lingine, rusha moja moja kwa zamu, DX Star Champion DX Star Champion, usirushe moja mfululizo alafu ingine manake mkono ukichoka utalaumu diski. Mtu asimame nyuma yako, yeye ndio aangalie, wewe unarusha huoni kitu. Alafu hamieni goli lile lingine mrushe mkirudi. Usiangalie ni gani imefika mbali, angalia kila moja imeanza kukata kushoto ikiwa wapi, kabla ya katikati ya uwanja ama baada yake.

Na baada ya hapo usiitupe DX. Iweke ya kubingirisha kwa makusudi, na ya kurusha imelala kushoto upepo ukiwa nyuma yako. Star iwe ya kila siku. Champion ikae ya siku ya upepo wa mbele. Umejipatia draiva tatu tofauti kwa moldi moja na mkono wako tayari umeuzoea ukingo wake, wengine hununua moldi tatu kutafuta hio hio kitu.

Swali kutoka Milimani, Kisumu

Mwalimu salamu kutoka kando ya ziwa. Wraith yangu ya Star ni ya zamani kidogo na asubuhi naipenda sana, inanyooka. Tukirudi saa kumi jioni, uwanja ule ule, inapinduka kulia na kuzama chini kama imepigwa kofi. Binamu yangu anasema nimechoka tu na kazi. Ni mimi ama ni diski?

Jibu

Wala si wewe wala si diski peke yake, ni ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na ile ya ziwani inaingia kujaza nafasi, ndio ule upepo unawapiga usoni jioni. Usiku hadi alfajiri inageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ni mdogo. Sasa mkirusha mkielekea ziwa saa kumi, diski inakutana na hewa inayokuja mbio, kwa diski hio ni sawa na kurushwa kwa kasi zaidi ya ile umeipa, na kasi ikiongezeka tunajua inalala kulia zaidi. Diski mpya ingevumilia. Yako ambayo ukingo umeshalegea haina cha kujishikilia, inapinduka.

Dawa ni rahisi kuliko vile unadhani, mkoba uwe na mbili. Hio Wraith ya zamani irushe asubuhi, na jioni mkiwa mmelipa ziwa mgongo, manake upepo wa nyuma unafanya kinyume, unaifanya diski ijifanye ngumu na idondoke mapema, na hapo iliyochakaa inaelea wakati mpya inaanguka kama jiwe. Ya kuelekea ziwa nunua Wraith au Destroyer ya Champion, nzito, 173 hadi 175, kwa vile nyepesi ya moldi hio hio hupinduliwa na upepo haraka zaidi. Alafu irushe chini, usiinue pua. Kwa upepo wa mbele pua ikiinuka hata kidogo diski inapanda juu, inasimama, na inarudi kukuangukia miguuni watu wakiona.

Upepo wa nyuma si mchezo, hata rekodi ya dunia ya kurusha mbali, mita 338 ya David Wiggins Jr. mwaka 2016, ilirushwa jangwani Nevada upepo mkali ukiwa umeshika diski kutoka nyuma. Kwa hivyo mwambie binamu yako asipime mkono wake jioni akirusha kuelekea mjini alafu atusumbue na mita zake.

Ya mwisho kwako, draiva nyingi huzama. Ikiingia kwa magugu pale Hippo Point iache, viboko hawajui disc golf.

Swali kutoka Kakamega

Nimeona DX ya rafiki yangu imeiva vizuri na mimi nina Champion ngumu kama sahani ya kulia. Nikichukua msasa nipunguze ukingo kidogo kidogo hadi ifanane na yake kuna shida? Pia niliisahau kwa buti ya Probox mchana kutwa na sai inatingika nikiiweka mezani.

Jibu

Kwa kucheza na marafiki msasa ni wako na diski ni yako. Kwa mashindano yanayofuata sheria za PDGA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa gofu ya diski, hapana. Sheria inakubali diski ichakae kwa kuchezwa, na inakubali upitishe msasa kidogo kuondoa yale mabaki ya plastiki ya kiwandani au vijipande vilivyoinuka baada ya kugonga jiwe, vile vinakata kidole. Kusugua ili kubadilisha venye inapaa ni marufuku. Na diski yenye ufa au tundu haichezwi kabisa, hata ikipaa kama malaika.

Lakini hata ukiweka sheria kando, mimi singefanya. Mkono wako na msasa hauwezi kutoa sawa mzunguko mzima, utapunguza hapa zaidi ya pale, diski itatetemeka ikitoka mkononi na kasi yote iishie hapo. Pia msasa unaondoa plastiki wakati mti unaikunja tu, matokeo hayafanani. Kama unataka iive haraka, chukua hio Champion ndio utumie mkirusha kwa ile sehemu yenye miti, kila raundi, huko kwenu miti haijaisha. Ama badilishana na huyo rafiki, yeye atapata diski ya kudumu na wewe utapata ya leo, ingawa DX ikishafika hapo haikai hapo, baada ya muda itakuwa inabingirika kama ya yule kijana wa Nakuru na utatafuta ingine. Champion moja inagharimu karibu DX mbili, piga hesabu yako.

Ya Probox inatibika. Iweke kwa maji ya moto ya kuvumilika na mkono, si ya kuchemka, ikilainika itoe, iweke juu ya kitu bapa na uinyooshe, ipoe ikiwa hapo. Usiijaribu nje kabla hujaitibu alafu uje kuniambia imekuwa andastebo, diski iliyopinda haikuambii chochote kuhusu uchakavu.

Swali kutoka Bungoma

Mwalimu habari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeanza mwaka huu, narusha kama mita 55 nikijitahidi. Mzee wa nyumba ameniletea zawadi draiva ya spidi 13 ya plastiki ngumu. Inaenda mbele kidogo alafu inakimbilia kushoto kwa mahindi ya jirani. Nisubiri ichakae?

Jibu

Dadangu, ukisubiri hio ichakae watoto watamaliza chuo. Kwa mita 55 diski ya spidi 13 haifiki hata mahali pa kuanza kugeuka kulia, wewe unaona tu ile sehemu ya mwisho ya safari yake, kukata kushoto. Hio namba ya tatu iliyoandikwa juu yake kwako ni kama haipo. Mtu asiyefika mita 100 hivi draiva za spidi 12 na 13 zinamwibia tu, na ukingo wake mpana ni shida kwa kiganja kidogo.

Tafuta Leopard, 6/5/-2/1, ya DX, gramu 150 na kitu kama utaipata. Nyepesi ni rahisi kuipa kasi na DX mpya haina ubishi mwingi. Ukizidi kuzoea ongeza Valkyrie, 9/4/-2/2. Na kama kuna mtu hapo mtaani ana draiva kuukuu ya DX ambayo analalamika ati inaenda kulia tu, muulize anauza ngapi, kwa mkono wake ni mbaya, kwa wako itanyooka.

Zawadi ya mzee usiiuze bila kumwambia. Ijaribu fohendi, hapo hukata kulia, mahindi ya jirani yatapumzika, na ukilenga kikapu kilicho nyuma ya kona ya kulia utaipata kazi.